Kitabu Kipo, Ila Si kwa Jina Unalolitafuta

Barua za safari hii zimetoka Iringa, Mbeya, Tukuyu, Njombe na Makete, na nyingi zinalia kilio kimoja: nimeingia maktaba ya chuo, nimetafuta, sijapata. Tumewapa wakutubi na walimu wa mbinu za utafiti wa teolojia wazijibu. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Shikamooni. Nasoma teolojia mwaka wa tatu hapa Iringa. Mada yangu ni sadaka katika Waraka kwa Waebrania ikilinganishwa na tambiko la Wahehe. Nimeandika "matambiko ya Wahehe" kwenye kompyuta ya maktaba, jibu likawa sifuri. Msimamizi wangu anashikilia kwamba vitabu vipo. Viko wapi?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Msimamizi wako hajakosea, na kompyuta nayo haijakosea. Katalogi, yaani orodha ya vitabu iliyomo kwenye kompyuta hiyo, haitafuti maana, inatafuta herufi. Umeiuliza kwa Kiswahili habari za vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na aliyeviingiza katika mfumo aliandika "Hehe" bila ile Wa- ya mwanzo. Kwa mashine, Wahehe na Hehe ni watu wawili wasiofahamiana.

Anza na karatasi na kalamu kabla hujagusa kibodi. Chora safu mbili. Katika safu ya kwanza andika majina yote ya watu na mahali: Hehe, Wahehe, Uhehe, Iringa, kisha majina ya nchi kwa vipindi vyake. Kitabu cha kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kitasema "Deutsch-Ostafrika" au "German East Africa". Cha kati ya vita hivyo na 1964 kitasema "Tanganyika". Cha baadaye ndicho kitakachosema "Tanzania". Ukitafuta Tanzania peke yake umejifungia nje ya nusu ya ghala. Safu ya pili iwe ya mambo yenyewe: "sacrifice", "ritual", "ancestors", "offering", "religion", "customs".

Sasa fungua utafutaji wa kina, ule wenye visanduku zaidi ya kimoja. Kisanduku cha kwanza andika Hehe OR Wahehe OR Uhehe. Cha pili andika sacrific* OR ancest* OR ritual*, na kati ya visanduku hivyo viwili chagua AND. Kinyota mwishoni mwa shina kinaleta miisho yote ya neno: sacrific* italeta "sacrifice", "sacrifices" na "sacrificial" kwa mkupuo. Usikate shina fupi mno, maana rit* itakuletea pia kila mwandishi aitwaye Rita. OR huleta kitabu chenye neno lolote kati ya hayo, AND hudai visanduku vyote viwili vitimie. Ziandikwe kwa herufi kubwa, kwani mifumo kadhaa huzipuuza zikiwa ndogo na kuzihesabu kama maneno ya kawaida. Ukipata sifuri tena, futa kisanduku cha pili uache jina la kabila tu. Maktaba ya chuo si kubwa kiasi cha kukuletea maelfu. Orodha ya vitabu ishirini unaipitia kwa macho.

Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, usikimbilie rafuni. Fungua rekodi yake kamili, shuka hadi sehemu ya vichwa vya mada. Wakutubi wengi hufuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na humo Wahehe wameandikwa "Hehe", kisha maneno "African people" ndani ya mabano. Bofya kichwa hicho. Kitakuletea vitabu vyote vilivyopewa mada hiyo, hata vile ambavyo jina la Hehe halipo kwenye jalada. Mfano mzuri ni utafiti wa Brown na Hutt wa 1935. Umefanywa hapohapo wilaya ya Iringa, juu ya Wahehe, lakini jalada linasema "Anthropology in Action". Anayetafuta kwa jina la kabila kwenye kisanduku cha anwani ya kitabu atapishana nacho maisha yake yote.

(Ukikisoma, kumbuka kilivyozaliwa: mmoja alikuwa mwanaanthropolojia, mwingine ofisa wa serikali ya kikoloni, na lengo lilikuwa kuusaidia utawala. Kitumie, ila kiulize maswali.)

Jambo la mwisho kwako ni kwamba mada yako haikai rafu moja. Kwa namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, Waebrania wako 227.87, dini za asili za Afrika 299.6, mila na desturi 306 na 390, historia ya Tanzania 967.8. Kama maktaba yako inatumia mfumo wa herufi wa Bunge la Marekani, Biblia ni BS, dini za asili BL, anthropolojia GN, historia ya Afrika DT. Mwanafunzi wa teolojia anayezunguka rafu za 220 na 230 pekee hatavuka sura ya pili ya tasnifu yake.

Nimeelekezwa kitabu cha ufafanuzi wa Luka, namba 226.407. Rafuni naona 226.12 imetangulia, halafu 226.4. Kwani 12 si kubwa kuliko 4?
*Mwinjilisti anayesoma jioni, Mbeya*

Baada ya nukta hakuna kumi na mbili. Soma tarakimu mojamoja: moja, mbili. Moja inatangulia nne, basi 226.12 inatangulia 226.4. Na 226.407 inakuja baada ya 226.4 lakini kabla ya 226.5, ambayo ni Yohana. Mathayo ni 226.2, Marko 226.3, Matendo 226.6. Herufi na tarakimu za mstari wa chini, mfano B36, ni za mwandishi: herufi hufuata alfabeti, tarakimu zake nazo husomwa kama za baada ya nukta, hivyo B36 hutangulia B4.

Usipokiona mahali pake, mambo matatu ya kukagua. Kwanza, baadhi ya maktaba huweka mfululizo mzima wa ufafanuzi pamoja kwenye 220.7 badala ya kuutawanya kitabu kwa kitabu, hivyo Luka wako anaweza kuwa amekaa na ndugu zake huko. Pili, tazama kama mbele ya namba kuna R au Ref: hicho ni cha kusomea ndani, na kina chumba chake. Tatu, angalia meza za wasomaji na toroli la vitabu vilivyorudishwa. Kitabu kilichosomwa asubuhi huenda hakijarudi rafuni hadi jioni. Na wewe ukimaliza kusoma, kiache mezani. Kitabu kilichorudishwa na msomaji rafu isiyo yake kimepotea, japo kimo ndani ya jengo.

Nikiwa chuoni makala zinafunguka, nikirudi geto zinanidai dola zaidi ya thelathini kwa makala moja. Wakati mwingine hata nikiwa chuoni zinagoma. Shida ni nini?
*Mwanafunzi wa uzamili, Mbeya*

Mlango wa jarida haukutambui wewe, unatambua anwani ya mtandao unaoutumia. Ukiwa kwenye waifai ya chuo, tovuti inaona chuo kilicholipia na kufungua. Ukiwa kwenye bando lako, inaona mteja mpya mwenye pochi. Hapo ndipo lilipo pia jibu la sehemu ya pili: simu nyingi, waifai ikiwa dhaifu, hurukia data za simu kimyakimya. Uko ndani ya maktaba, lakini kwa tovuti uko barabarani. Zima data, bakiza waifai, pakia ukurasa upya.

Kabla ya kulaumu mtandao, hakikisha pia umeingilia mlango wa mbele. Fungua ukurasa wa maktaba ya chuo, nenda kwenye rasilimali za kielektroniki, halafu ndipo uchague hifadhidata. Vyuo vingi vyetu hupata majarida kwa kuungana chini ya COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, na orodha hubadilika mwaka hadi mwaka kulingana na malipo. Muulize mkutubi mambo mawili: mwaka huu tumelipia nini, na je, kuna mfumo wa kuingilia ukiwa nje ya chuo? Kama upo, unasajiliwa dirishani kwa namba ya usajili na baruapepe ya chuo.

Kama kwenye orodha kuna hifadhidata ya dini ya Atla, anza nayo. Ubora wake kwa mtu wa Biblia ni kwamba unaweza kutafuta kwa kitabu, sura na aya. Research4Life ni nzuri sana kwa watu wa afya, kilimo na mazingira, lakini teolojia humo ni haba. Usipoteze siku nzima.

Sasa yale yasiyohitaji chuo kulipa. Majarida ya teolojia ya Afrika Kusini yamefungua milango kabisa: "HTS Teologiese Studies", "Verbum et Ecclesia", "Old Testament Essays". Majina ya Kiafrikana na Kilatini yasikutishe, makala nyingi ndani ni za Kiingereza, na za waandishi Waafrika wanaouliza maswali yanayofanana na yako. African Journals Online inakusanya majarida ya bara zima. JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ukifungua akaunti binafsi ya bure, inakuruhusu kusoma makala 100 kila siku 30. Ni kusoma kwenye skrini, si kupakua, kwa hiyo kaa na daftari.

Kuna hazina moja ambayo wanafunzi wetu wengi hawaijui. Society of Biblical Literature, chama cha wataalamu wa Biblia chenye makao Marekani, kimeweka mamia ya vitabu vyake bure kwa wasomaji wa nchi zenye kipato cha chini, Tanzania ikiwemo. Mpango huo unaitwa International Cooperation Initiative. Unafungua ukurasa wake, unabofya kitabu, unapakua. Ila tovuti inaangalia nchi uliyopo. Ukiwa umewasha VPN, programu inayoficha mahali ulipo, kama vijana wengi walivyozoea, utaonekana uko Ulaya au Marekani na kitabu kitakataa. Zima VPN kwanza. Ni nadra kuona mlango unaofunguka kwa sababu uko Mbeya, basi usijifanye uko London.

Bado ukigonga ukuta, chukua jina la makala uliweke kwenye Google Scholar ndani ya alama za kunukuu, halafu chini ya jibu bofya matoleo yote. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye hazina ya chuo chake. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Sentensi nne zinatosha: wewe ni nani, unasoma wapi, unaandika juu ya nini, unaomba makala ipi. Fedha unazodaiwa na tovuti haziendi kwake, na wengi hufurahi kusomwa. Nakala ya namna hiyo ikitofautiana kurasa na ile iliyochapishwa jaridani, taja kwenye tanbihi kwamba umetumia nakala ya mwandishi.

Mwanakondoo wetu ameshinda. Mimi ni mchungaji wilayani Rungwe. Ushirika wetu unataka kuandika historia yake tangu wamisionari wa kwanza. Si mwanafunzi wala mwajiriwa wa chuo. Je, maktaba ya chuo kikuu itanipokea? Na nikipokelewa nianzie wapi, maana wazee wanaokumbuka wanazidi kutuacha?
*Mchungaji, Tukuyu*

Tumfuate. Mchungaji, swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Wazee kwanza, maktaba baadaye. Karatasi zimesubiri miaka mia na zaidi, zitasubiri mwezi mmoja. Mzee hasubiri. Mrekodi kwa simu. Mwanzo wa kila rekodi taja kwa sauti jina lake, tarehe, mahali na jina la anayeuliza, kwa sababu faili lisilo na utambulisho baada ya miaka mitano ni kelele tu.

Kuhusu kupokelewa: maktaba nyingi za vyuo zina utaratibu wa wasomaji wa nje. Beba barua yenye kichwa na mhuri wa ofisi ya kanisa, imwelekee mkutubi mkuu, ieleze jina lako, mada, kipindi unachotafiti na siku utakazohitaji. Kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni. Utasoma ndani bila kuazima. Ada hutofautiana chuo na chuo, hivyo piga simu kabla ya kupanda gari. Kwako mlango wa karibu ni Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Mbeya, ambacho ni cha kanisa lako la Moraviani na kimebeba jina la askofu wake wa zamani. Ukifika usiulizie vitabu tu. Ulizia tasnifu za wanafunzi wa teolojia waliopita. Hizo huwa hazikai kwenye rafu za kawaida, na huenda mtu wa Rungwe ameshazungumza na wazee ambao wewe hukuwakuta.

Sasa majina, maana kwenye historia ya Nyanda za Juu Kusini ndiko watu wanakopotelea. Mwaka 1891 walifika Wamoraviani na Misheni ya Berlin, wote Wajerumani, wakagawana eneo: Wamoraviani upande wa magharibi, Waberlin upande wa mashariki. Hakikisha kwanza kituo chenu kilizaliwa upande upi, kwa sababu karatasi za Wamoraviani ziko Herrnhut, Ujerumani, kwenye hifadhi kuu ya kanisa lao, na za Misheni ya Berlin ziko kwenye hifadhi ya kanisa la kiinjili jijini Berlin. Ukiandika kwa wasiohusika utajibiwa kwa upole kwamba hakuna kitu, nawe utaamini.

Ndani ya karatasi hizo hutawakuta Wanyakyusa, utawakuta "Konde". Nyasa imeandikwa "Njassa" au "Nyassa". Tukuyu haipo, ipo "Neu-Langenburg". Na hapo pana mtego: "Langenburg" bila ile "Neu" ni boma la awali lililokuwa ufukweni mwa ziwa, siyo kwenu mlimani. Mtafiti akivichanganya, atawahamisha watu kutoka mlimani hadi ziwani bila kujua.

Mtego mwingine ni ukimya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoiteka nchi, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Mwandishi asiye makini huruka miaka hiyo au husema kanisa lililala. Halikulala. Wainjilisti na walimu wenyeji waliliendesha, na Waskoti wa Misheni ya Livingstonia kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walikuja kuliangalia. Hivyo karatasi za kipindi hicho zitafute Edinburgh, kwenye Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na Zomba, kwenye hifadhi ya taifa ya Malawi. Toka Tukuyu hadi Zomba ni karibu kuliko Herrnhut kwa mbali, na zimeandikwa Kiingereza. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliondolewa tena. Kwa miaka hiyo tafuta upande wa Wamoraviani wa Uingereza.

Njia ya mkato ipo. Omba maktabani kitabu cha Marcia Wright cha 1971 kuhusu misheni za Kijerumani Tanganyika. Kinahusu hasa Walutheri na Wamoraviani wa Nyanda za Juu Kusini, 1891 hadi 1941. Kwenye katalogi andika "German missions Tanganyika", usiandike Mbeya wala Rungwe. Kisome, halafu rudi uzisome tanbihi zake peke yake, na unakili kila mahali alipotaja kituo chenu pamoja na faili la hifadhi alilolitumia. Ukiiandikia hifadhi ya Ujerumani ukiwa na namba ya faili mkononi, unajibiwa kama mtafiti. Ukiandika "naomba kila kitu kuhusu Rungwe", unawekwa chini kabisa ya rundo. Taja kituo kimoja, kipindi cha miaka isiyozidi mitano, uliza bei ya nakala za picha kabla ya kuagiza. Kiingereza kinatosha.

Tuseme ukweli kuhusu mwandiko. Ripoti zilizochapwa zimetumia herufi za kale za Kijerumani ambazo s yake inafanana na f. Hizo utazizoea kwa wiki mbili. Barua za mkono zimeandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Kuna programu iitwayo Transkribus inayosaidia kuusoma kutoka kwenye picha, lakini hukosea majina ya watu na mahali, yaani hasa yale unayoyatafuta wewe. Kwa hiyo anza na zilizochapwa, au na "Periodical Accounts", taarifa za misheni ya Wamoraviani zilizotolewa London kwa Kiingereza.

Na msiisahau kabati ya ushirika wenyewe. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, na mihtasari ya baraza la wazee, ni vya pekee duniani. Mvua na ukungu wa Rungwe huvizalisha kuvu. Kurasa zilizogandamana msizibandue kwa nguvu. Viacheni vikauke kivulini penye upepo. Msitie selotepu kwenye mpasuko, gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Pigeni picha mchana karibu na dirisha bila mwanga wa flashi, ukurasa kwa ukurasa kuanzia jalada, na picha zikae sehemu mbili tofauti.

Nikiandika Kigiriki nyumbani kinaonekana vizuri. Nikichapisha steshenari, vinatoka vijisanduku. Pia aya za Kiebrania kwenye kitabu cha ufafanuzi hazifanani na za Biblia yangu.
*Mwanafunzi wa chuo cha Biblia, Njombe*

Vijisanduku maana yake kompyuta ya steshenari haina fonti yako. Tumia fonti za Unicode, yaani zinazofuata mfumo wa pamoja wa herufi za lugha zote, mfano SBL Greek, SBL Hebrew au Gentium, zote za bure, na peleka kazi ikiwa PDF, siyo faili la Word. Fonti za zamani ambazo ukibonyeza "a" zinakuonyesha alfa achana nazo. Zikikosekana, Kigiriki chote kinageuka herufi za Kilatini zisizo na maana.

Aya: Biblia ya Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kama aya, mara nyingine aya mbili. Zaburi 51:1 kwenye Union Version ni 51:3 kwa Kiebrania. Kwingine sura zimegawanywa tofauti: Yoeli 2:28 inakuwa 3:1, na Malaki 4:1 inakuwa 3:19. Vitabu vya ufafanuzi vya kitaaluma hutaja namba zote mbili, moja ikiwa kwenye mabano. Soma utangulizi wa kitabu ujue mwandishi ametanguliza ipi.

Programu ya akili mnemba ilinipa marejeo kumi na mawili juu ya teolojia ya mababu. Mkutubi ameniambia matano hayapo duniani. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Iringa*

Inawezekana kwa sababu programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Si lazima ziwe zimefungua katalogi. Jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, makala ni ya kubuni. Rejea kama hiyo ukiiweka kwenye tasnifu, hakuna msimamizi atakayeuliza kama ulidanganya au ulidanganywa.

Kagua hivi. Kama kuna namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, iweke kwenye tovuti ya doi.org uone inakupeleka wapi. Mara nyingine inafunguka lakini ni makala ya mambo mengine kabisa. Kama ni kitabu, andika jina lake ndani ya alama za kunukuu kwenye WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia. Kama ni makala, fungua tovuti ya jarida, tafuta juzuu na mwaka, angalia kurasa zilizotajwa zimebeba nini. Dakika tatu kwa kila rejea. Na kanuni ya zamani bado ipo palepale: usichokisoma usikitaje.

Hata hivyo, kuna kazi moja ambayo programu hizo zinaifanya vizuri: kukupa majina mbadala. Iulize wasomi wa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa wameita "mababu" au "tambiko" kwa maneno gani, kisha maneno hayo uyapeleke mwenyewe kwenye katalogi.

Msimamizi ameandika kwa wino mwekundu: "Biblia ipi?" Nami niliandika tu "Biblia ya Kiswahili". Kuna zaidi ya moja?
*Mtheolojia mwanafunzi, Makete*

Zipo kadhaa, na kwa kazi ya kitaaluma ni vitabu tofauti. Ya Karl Roehl, Agano Jipya lilitoka 1930 na Biblia nzima 1937. Alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu, hivyo msamiati wake una ladha nyingine kabisa. Union Version ni ya 1952, ndiyo inayosikika kwenye mimbari nyingi. Habari Njema ya 1996 ni ya Kiswahili chepesi, imeandaliwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, na ina matoleo yenye vitabu vya deuterokanoni, vile vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki lakini si ya Waprotestanti wengi, na yasiyo navyo.

Ukijenga hoja juu ya neno moja, mathalani "upatanisho" au "kafara", lazima msomaji ajue neno hilo umelitoa wapi. Andika hivi mara ya kwanza kwenye tanbihi: "Nukuu zote za Biblia ni za Union Version, 1952, isipokuwa palipotajwa vingine." Baada ya hapo kitabu, sura na aya vinatosha. Rafuni Biblia za Kiswahili ziko 220.5, kwenye tafsiri za lugha za sasa, lakini ya Roehl huenda usiikute pamoja na nyingine. Ulizia mkusanyiko wa vitabu adimu, na utaje jina la Roehl, kwa sababu kwenye baadhi ya katalogi haikuingizwa kama "Biblia", imeingizwa kwa jina la mfasiri.